Kuhukumu Bila Kukagua

Je, ni haki kumpima mtu kwa mahali alipozaliwa, kabla hatujautazama mwenendo wake? Wengi wetu twajibu upesi kwamba si haki, kisha twatenda hivyo hivyo kabla jua halijatua. Leo twapenda kulifikiri jambo hili kwa mfano wa merikebu za mbao zilizokwenda kwa matanga katika karne ya 19.

Mwaka 1760, huko London, watoa bima na wafanya biashara waliokutana katika nyumba ya kahawa yenye jina la Edward Lloyd waliunda chama cha kuweka daftari la merikebu. Mtoa bima hakuweza kwenda kila bandari kujionea mwenyewe chombo kipi ni imara na kipi ni kibovu. Baadaye ikawekwa alama ya A1: herufi A kwa mwili bora wa merikebu, na tarakimu 1 kwa nanga, kamba na vifaa vingine vilivyo vizuri.

Lakini tangu mwaka 1798 daraja lilitolewa kwa kufuata mahali merikebu ilipoundwa na umri wake. Zilizoundwa kando ya mto Thames zilipendelewa. Miaka iliyowekwa ikiisha, merikebu ilishushwa daraja, hata kama mwenyewe aliitunza vema.

Matokeo yakawa nini? Wenye merikebu hawakuona faida ya kununua mti bora wala ya kuondoa ubao uliooza, maana gharama hiyo haikuhesabiwa. Fundi mlegevu alipata daraja lile lile la fundi mwaminifu aliyeunda katika bandari ile ile. Mwaka 1836 kamati ya Bunge la Uingereza, iliyochunguza sababu za kuvunjika kwa merikebu, iliulaumu utaratibu huo kuwa ulizidisha vyombo dhaifu. Waliolipia hukumu hiyo mbovu ni mabaharia na abiria waliozama.

Mwaka 1834 chama kilikuwa kimeundwa upya, na kanuni zake zikabadilika. Sasa mkaguzi alitazama aina ya mti, unene wa mbavu za chombo, na jinsi mbao zilivyofungwa. Hata merikebu iliyopoteza daraja lake iliweza kurudishiwa, ikiisha kutengenezwa na kukaguliwa tena.

Hukumu isiyotazama ndani huwadhuru watu wawili. Anayedharauliwa bure hukata tamaa ya kujirekebisha. Anayesifiwa bure huona hana haja ya kujirekebisha. Hivyo tunapomkataa kijana kwa sababu ya kabila lake, au tunapomfumbia macho mwingine kwa sababu ya ukoo wake, twawapotosha wote wawili, na wengine watazama pamoja nao.

Atasema mtu: hatuwezi kufungua kila ubao. Ni kweli. Mzazi anayeletewa posa hana budi kuuliza habari za nyumba anakotoka mchumba, na mwenye kuajiri hana budi kuuliza habari za mtu asiyemjua. Kuuliza si dhambi. Dhambi ni kufunga daftari baada ya swali la kwanza.

Natanaeli naye alipoambiwa habari za Yesu, alitilia shaka mji wa Nazareti. Filipo hakubishana naye. Alimwalika aende akajionee. Natanaeli alikwenda, na aliyoyaona yakambadilisha.

Wako pia waliowahi kuanguka, wakatubu, wakaanza maisha mapya. Mungu amekwisha kuwasamehe katika Kitubio, lakini jirani zao wangali wakiwasomea daftari la miaka kumi iliyopita. Hao yatupasa kuwakagua upya, kwa haki na kwa mapendo, na tukikuta mbao ni nzima, tuwarudishie heshima yao mbele ya watu.