Ushahidi wa Jamaa wa Aliyeuawa



Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa katika darsa yetu ya hapa Nyayo Highrise, jirani na Kibera: mtu akiuawa na mwuaji wake asijulikane, maneno ya jamaa zake yashikwe au yatupwe? Aliyeuliza hakuficha alimkusudia nani. Mtaa huu wachukua jina la utawala wa Rais Moi, na ni katika utawala huo alipouawa Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, Februari 1990. Alitoweka nyumbani kwake Koru. Maiti yake ikaonekana karibu na kilima cha Got Alila, imechomwa moto na ina jeraha la risasi kichwani.

Hapo mwanzo ilisemwa ati kajiua. Kisha akaletwa John Troon wa Scotland Yard. Ikaundwa tume ya Jaji Gicheru, ikavunjwa 1991 kabla ya kumaliza kazi. Mtu mmoja akashitakiwa, akaachiliwa 1994. Na taarifa ya kamati ya Bunge, Bunge lenyewe likaikataa 2010. Watu wamebaki na maneno ya jamaa. Nduguye marehemu, Barrack Mbajah, alieleza kwamba palizuka ugomvi katika safari ya Washington muda mfupi kabla ya mauaji, na baadaye, akiwa ng'ambo, akaapa kwa maandishi akiwataja wakubwa wa serikali. Waliotajwa walikana.

Twasikia wengine wakisema, ndugu hawezi kuizulia damu yake. Wengine wasema, mwenye msiba hasikilizwi. Kauli zote mbili hazina msingi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ushahidi wa ndugu kwa nduguye wakubaliwa. Usiokubaliwa ni wa baba kwa mwanawe na mwana kwa babake, na wa adui juu ya adui wake. Basi udugu peke yake si ila. Linaloulizwa ni hili: umeona, au umesimuliwa? Na khabari ya Washington na ipimwe hivyo hivyo. Ikiwa msemaji alipokea kwa mtu, basi ina isnadi, na kila aliyemo katika isnadi hiyo yapasa apimwe. Mke wa marehemu alikuwa Nairobi usiku ule. Hali ya mumewe siku za mwisho aweza kuishuhudia, mkono wa mwuaji hawezi. Mtumishi wa nyumbani alisema alisikia kishindo, akaona gari jeupe likiondoka. Ni neno dogo, lakini ni la sikio na jicho lake mwenyewe.

Itazameni Sura ya Yusuf. Ndugu zake walimjia baba yao usiku wakilia, na kanzu yenye damu ya uongo. Walikuwa jamaa, na machozi yalikuwako, wala Nabii Yaakub hakuwasadiki. Katika nyumba ya Aziz, aliyeshuhudia alikuwa mtu wa jamaa ya yule mwanamke, na hakumpendelea: alisema itazamwe kanzu, imechanwa mbele au nyuma. Jamaa huyu alikubaliwa kwa kuwa alielekeza kwenye kitu ambacho kila mtu aweza kukitazama. Ndiyo sababu tume kuvunjwa kabla ya kumaliza ni dhuluma kwa jamaa wa maiti na kwa watuhumiwa pia: kanzu imefichwa, na sisi tumeachwa tugombane ngazini juu ya machozi.

Na katika Bukhari na Muslim imo khabari ya Abdallah bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaybar. Jamaa zake walipokwenda kushitaki, Mtume (S.A.W.) aliwaambia waape viapo 50. Uchungu walikuwa nao, na tuhuma walikuwa nayo. Wakajibu: wataapaje juu ya jambo wasilolishuhudia? Hakuwalazimisha, wala hakuiacha damu ile ipotee bure. Alimlipia diya, ngamia 100, wakapelekwa mpaka nyumbani kwa wenyewe. Sahl bin Abi Hathma, anayeisimulia khabari hii, hamtaji mwuaji. Asema tu kwamba ngamia mmoja katika wale alimpiga teke.