Kazi au Kutembea?

Bibi yangu hapendi kuandika ujumbe kwenye simu, kwa hiyo huongea. Mei 2024 alinitumia sauti fupi kutoka Nkoaranga. Nyuma yake jogoo aliwika na mtu alikuwa akifua. "Mjukuu wangu, huko uliko, unafanya kazi au unatembea?"

Nilikuwa Beelitz, mji mdogo kusini mwa Potsdam, Ujerumani, nikivuna asparagasi. Bibi hakuuliza habari za miguu. Kwetu, kutembea ni pia kwenda kuzuru, kula macho. Wiki hiyo alikuwa ameonyeshwa picha zangu za Dresden, nimesimama mbele ya kanisa nimevaa miwani ya jua, naye alitaka kujua nani analipia.

Jibu la kweli lilikuwa yote mawili. Masomo ya darasani nilikuwa nimemaliza Leipzig, imebaki tasnifu, na sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.41 kwa saa. Siku sita nilikuwa shambani. Jumapili, kwa tiketi ya mwezi ya euro 49, nilipanda treni za kawaida kwenda popote zilipofika.

Nikamjibu kwa methali aliyonifundisha mwenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Jembe nimepewa, Bibi. Jumapili ni yangu." Niliona nimemaliza maneno. Mtu akishatoa jasho mahali, nani atamnyima kutazama?

Nkoaranga tunawajua vizuri wageni wa namna hiyo. Ukipanda kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi, ukapita migomba na kahawa, unalikuta kanisa la Kilutheri na hospitali yake. Wamisionari wa Leipzig walianzisha kituo hapo mwaka 1902, na wageni hawajakatika tangu hapo. Nilipokuwa mtoto walikuja zaidi kati ya Juni na Agosti, vijana wa vyuo vya Ulaya na Marekani. Walipaka rangi kuta, walifundisha nyimbo, walisaidia wodini. Ijumaa jioni gari liliwachukua kwenda Tarangire au Ngorongoro, Jumatatu wakarudi na vumbi kwenye nywele na habari za simba. Sikuwachukia. Mmoja wao alinifundisha baiskeli. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, mpaka tukaingia wote wawili kwenye mahindi ya jirani.

Huyo huyo alinipiga picha. Nilikuwa na miaka minane, nina ndoo ya maji kichwani, kaptula imechanika nyuma. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliona, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni. Jioni aliishona ile kaptula kwa kuvuta uzi kwa nguvu, bila kusema neno. Nilidhani amenikasirikia mimi.

Sasa nirudi Beelitz. Asparagasi nyeupe hukua ndani ya tuta lililofunikwa nailoni, isione jua, maana ikichungulia nje kichwa chake hugeuka zambarau. Unafunua nailoni, unatafuta ufa kwenye mchanga, unafukua kwa vidole, unakata kwa kisu kirefu, unafukia shimo, unasawazisha. Kisha hatua moja mbele, mgongo ukiwa umepinda vilevile. Wenzangu wengi walitoka Rumania na Poland, na walikuwa wakija kila mwaka. Kwenye tuta la pili kulia kwangu alikuwa mwanamke wa rika la mama yangu. Ndiye aliyenionyesha namna ya kukata bila kujeruhi machipukizi ya jirani. Nilimwita "mama", na neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Jumapili moja nilikwenda Potsdam, kwenye kasri la Neues Palais alilojenga Mfalme Friedrich wa Pili. Ndani yake mna ukumbi ambao kuta zake zimepambwa kwa makombe, madini na mawe ya kila aina. Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Hans Meyer, mtu wa Leipzig, alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, akaokota jiwe. Kipande akampa Kaiser Wilhelm wa Pili, kikapachikwa kwenye ukuta wa ukumbi huo. Baadaye kikapotea, na mahali pake pakawekwa jiwe jingine. Nilisimama pale nikitafuta kipande cha mlima ambao nyumbani tunauona asubuhi isiyo na mawingu, huku nikijua kwamba hata nikikiona si chenyewe.

Kilichonisumbua ni kwamba Meyer naye alikuwa na jasho lake. Alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alitekwa wakati wa vita vya Abushiri, akalipiwa fidia ndipo akaachiwa. Akarudi mara ya tatu. Hakuna anayeweza kusema hakuhangaika. Hata Muini Amani wa Pangani, aliyekaa kwenye baridi ya kambi ya juu akimngojea, alihangaika, na hakuna ukuta uliopewa kitu chake. Kumbe jasho linaweza kuwa la kweli kabisa na bado lisimpe mtu haki ya kubeba alichokikuta.

Nilitoka kwenye kasri nina hasira tamu, ile ya mtu asiye na kosa.

Jumanne iliyofuata, wakati wa mapumziko ya chai, nilimpiga picha yule mama. Yeye hakuwa amepumzika bado. Alikuwa ameinama kwenye tuta lake, kitambaa kichwani, matope mpaka magotini, jua likimpiga mgongoni. Nilituma kwenye kundi la familia: "Oneni, na huku wazungu wanainama." Vicheko vikafuatana. Binamu yangu akaisambaza kwingine.

Aliinua kichwa akaona simu. Akanijia polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa Kijerumani chake cha kuokoteza: "Binti yangu hajui kazi hii. Anajua nafanya kazi hotelini." Niliifuta picha mbele yake. Akashukuru, na shukrani yake ndiyo iliyonichoma, kwa sababu picha ilikwishafika Tengeru na sikumwambia.

Usiku ule nilielewa uzi wa mama.

Nimejaribu kujitetea. Shamba lilikuwa wazi, kila mtu anaona. Mimi si mtalii, nilikuwa nimeinama tuta la pili. Wala sina kasri, na watu wangu ndio waliozoea kupigwa picha. Lakini kila utetezi unarudi kwenye lile jembe. Nadhani nililielewa vibaya. Jembe humtoa mgeni kwenye mkeka na kumweka shambani pamoja na wenyeji. Linampa sehemu ya ugali, na labda Jumapili. Halimfanyi mwenye nyumba, na halimpi ruhusa ya kufanya aibu ya mwenzake kuwa hadithi yake.

Wala kuomba ruhusa peke yake hakutoshi. Yule kijana wa baiskeli angemwomba mama, mama angekubali, kwa sababu mgeni wa hospitali hakataliwi. Ruhusa ina maana pale tu ambapo anayeombwa anaweza kusema hapana na kesho mambo yakaendelea vilevile.

Tarehe 24 Juni msimu ulifungwa, kama desturi yao. Tulipokuwa tukikunja nailoni, yule mama aliniomba nimwonyeshe kwetu. Nikamwonyesha Mlima Meru juu ya migomba, kisha Bibi akipukuchua mahindi kibarazani, khanga imemteleza begani. Aliitazama ile ya Bibi kwa muda mrefu, akatabasamu.

Jioni nilipiga simu Nkoaranga. "Bibi, kuna mama hapa nimemwonyesha picha yako. Ni sawa?"

Bibi alinyamaza kidogo. "Umeshamwonyesha?"

"Ndiyo."

"Sasa unaniuliza nini?"