Picha ya Ukutani na Mtu Ahamaye

Nyumba ina vitu vya namna mbili: vichukuliwavyo na visivyochukuliwa. Kitanda, sanduku na kikombe humfuata mwenyewe popote aendapo. Dirisha, kizingiti na ukuta hubaki. Picha iliyochorwa kwa mkono juu ya ukuta haina kundi. Kwa thamani yake ni mali; kwa makao yake ni jengo. Basi mtu ahamapo, picha hiyo humwuliza swali ambalo sanduku haliulizi: je, kukipenda kitu ni kukichukua au kukiacha?

Swali hili lina kisa chake huko Hispania. Mwaka 1819 mchoraji Francisco Goya, mzee wa miaka 72 aliyekuwa kiziwi, alinunua nyumba nje ya Madrid, karibu na mto Manzanares. Juu ya kuta za vyumba viwili, kimoja chini na kimoja ghorofani, alichora picha 14 za kutisha kwa rangi za giza. Moja ni ya jitu likimla mwanawe. Nyingine ni ya mbwa aonekanaye kichwa tu, akitazama juu kama aombaye msaada. Mwaka 1823 alimpa mjukuu wake nyumba ile. Mwaka uliofuata alikwenda Ufaransa, na huko Bordeaux alifariki mwaka 1828. Picha zilibaki pale zilipozaliwa.

Mwaka 1873 tajiri mmoja, Émile d'Erlanger, aliinunua nyumba, akamtaka fundi Salvador Martínez Cubells azihamishe picha kwenye turubai. Kazi ya namna hii haina upole. Rangi hutengwa na ukuta wake kama ngozi itengwavyo na nyama. Nyingine ilidondoka, na penginepo ikatiwa upya kwa mkono usio wa Goya. Picha za kamera zilizopigwa na Jean Laurent zingali kuta zimesimama zaonyesha tofauti. Hatimaye tajiri yule alizitoa kwa taifa, na leo zimo katika jumba la makumbusho la Prado. Nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka 1909.

Wako wasemao kuwa picha iliyobanduliwa ni yatima: imepoteza mwanga wa dirisha lake na nyayo za wenyeji wake. Wasemavyo ni kweli. Lakini kama fundi asingalitia mkono, mbwa yule angalikuwa kifusi miaka mingi iliyopita. Yatima mwenye kovu ana uhai, kifusi hakina. Walakini, laiti nyumba ingalisimama na kutunzwa, jeraha lile lingalikuwa dhuluma. Haki ya kubandua, basi, haitoki katika tamaa ya mwenye kuhama. Hutoka katika ajali ya ukuta.

Hukumu hii haiwahusu mashuhuri peke yao. Mama aliyechora ndege juu ya kitanda cha mtoto wake hana fundi wa Prado, wala watoto wake hawana mali ya kumlipa. Wajibu wao ni mwepesi, lakini ni wajibu. Na wapige picha ukuta wote na kila sehemu yake, mchana, katika mwanga mwema. Na waandike vipimo, rangi, mwaka na jina la mchoraji. Kisha na wamwambie aingiaye ni nini kilichoko pale na kwa nini kilipendwa, maana wengi hupaka chokaa kwa kutojua, si kwa ubaya. Ukuta ukiwa wa kusimama, waiache picha. Ukiwa wa kuanguka, waiokoe kwa kadiri ya uwezo, wala wasilifiche kovu lake.

Ahamaye akifanya hayo ametimiza sehemu yake. Iliyosalia ni ya aingiaye, naye hawezi kulaumiwa kwa amana ambayo hakuambiwa.