Mkaguzi wa Karanga

"Mjomba, tunapika au tunacheza?"

Mpwa wangu ana miaka minne. Jumamosi ile tulikuwa tumekaa mkekani nyuma ya nyumba ya dada yangu, Tanga, na mbele yetu nusu kilo ya tende zilizobaki baada ya Ramadhani, karanga za kukaanga, na nazi iliyokunwa. Jiko hakuna, kisu hakuna. Nilipanga hivyo makusudi. Bibi yake ana kovu la uji wa moto mkononi tangu utotoni, na kila akilionyesha husema, "Ndivyo nilivyojifunza kupika."

Sikutaka huyu ajifunze hivyo. Ila swali lake lilinikaa. Nikishaondoa kila kinachoweza kumdhuru, nimempa kazi au namzuga tu?

Kumbe hatari haikuwa imeondoka. Mdogo wake wa miaka miwili alikuwa anazunguka mkeka akisubiri. Mtoto wa umri huo magego hayajakamilika na njia yake ya hewa ni nyembamba, ndiyo maana wataalamu wa afya hukataza karanga nzima kwa walio chini ya miaka mitano. Tulianza kwa kutupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kwa kuhofia sumukuvu, ambayo kukaanga hakuimalizi. Kisha nikatwanga, naye nikamwambia, "Wewe ndiye mkaguzi. Ikibaki punje nzima, mdogo wako anaweza kupaliwa."

Uso wake ulibadilika. Alichambua ule unga kwa vidole viwili, kimya, kama anayetafuta hereni.

Alipokwenda msalani, nikapekua bakuli. Nikakuta punje mbili, nikazitia kinywani.

Muhula huu tunamsoma Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji anayemtafuta rafiki yako hupaswi kumdanganya. Mimi nilijitetea: nilimwambia ni mkaguzi, sikumwambia ni mkaguzi wa mwisho. Utetezi wa wakili huo. Alichoelewa yeye nilikijua, na nilikitaka akielewe hivyohivyo, kwa sababu ndicho kilichoifanya kazi iwe kazi.

Lakini ningefanyaje? Kama ningemwamini kweli, gharama ya kosa lake isingekuwa yangu wala yake. Ingelipwa na yule mdogo. Pumzi ya mtoto mmoja si mali yangu, niikopeshe ili mwingine apate somo. Hapo sikuona pa kubishana. Kilichonisumbua ni kukagua kwa siri, kana kwamba kumwambia ukweli kungemvunja.

Akarudi.

"Mjomba, unatafuna nini?"

"Karanga."

"Nzima?"

Nikameza. "Nzima. Zilikuwa mbili."

Hakulia. Alinitazama kidogo, akavuta bakuli, akaanza upya tangu juu. Tende zikaendelea kungoja kuchanganywa, na mdogo wake akaanza kulia njaa.