Ushahidi wa Kifaa Kisicho na Waya

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ya maarifa ni lile linalouliza ni kwa haki gani mtu huamini jambo ambalo hakulishuhudia mwenyewe, bali ameletewa habari zake na mwingine. Kwa desturi swali hilo limejadiliwa kuhusu wajumbe wa kibinadamu, yaani mashahidi mahakamani, wasimulizi wa historia na wapokezi wa mafundisho ya dini. Lakini limepata uwanja mpya katika meza za vijana wanaojifunza kuunda vifaa vya elektroniki, ambako kipande kidogo cha redio huondoa waya kati ya kifaa kinachopima na simu inayosoma kipimo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kufika salama kwa ujumbe na kustahili kuaminiwa kwake ni mambo mawili tofauti, kwamba ufundi hudhamini la kwanza peke yake, na kwamba la pili hubaki kuwa deni la binadamu.

Mawasiliano ya mfululizo ni utaratibu wa kupeleka data biti moja baada ya nyingine, biti ikiwa ni alama ndogo kabisa ya habari, sifuri au moja. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ambayo wanaoanza huitumia sana, kila herufi ya biti 8 hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na biti ya kumalizia, hivyo herufi zisizozidi 960 hupita kila sekunde. Moduli ya redio kama HC-05 hupokea mfululizo huo kutoka kwa kidhibiti kidogo, yaani kompyuta iliyokusanywa ndani ya chipu moja, na kuurusha kwa Bluetooth, teknolojia iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994, ambayo hutumia mawimbi ya takriban gigahezi 2.4 na kufika umbali wa mita 10 hivi kwa moduli za nguvu ndogo. Fundi huunganisha pini ya kutuma ya upande mmoja na pini ya kupokea ya upande wa pili, hupunguza volti 5 za kidhibiti hadi karibu 3.3 kwa rezista mbili, kisha huioanisha moduli na simu kwa namba ya siri ambayo kwa kawaida kiwanda huiweka 1234.

Mjini Kampala ufundi huu si mchezo wa ujana tu. Fundi Bots, taasisi iliyoanzishwa na Solomon King Benge mwaka 2011, hufundisha wanafunzi wa Uganda sayansi kwa njia ya kuunda roboti. Na wahandisi waliosoma Chuo Kikuu cha Makerere, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo, walibuni MamaOpe, koti linalovalishwa mtoto ili kuchukua joto la mwili, kasi ya kupumua na sauti za mapafu, na kuvipeleka vipimo hivyo kwa Bluetooth kwenye programu ya simu inayosaidia kutambua nimonia. Kifaa hicho kiliingia mwaka 2017 katika orodha ya wagombea wa Tuzo ya Afrika inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza. Kipimo kinapoelekeza tiba ya mtoto, swali la nani aaminiwe huacha kuwa la darasani.

Bluetooth huambatanisha na data namba ya kukagua iliyokokotolewa kutokana na data yenyewe. Mpokeaji huikokotoa upya, na zisipolingana data hutumwa tena. Hata hivyo, katika chumba chenye moduli nyingi za aina moja, zilizotoka kiwandani na jina moja na namba ya siri moja, simu ya muuguzi inaweza kuoanishwa na kifaa cha kitanda cha jirani, ikaonyesha nyuzi 36.8 hali mtoto aliye mbele yake ana homa kali. Kihisi hakikukosea, redio haikukosea, namba ya kukagua imelingana, na bado muuguzi ameamini uongo, kwa kuwa alichosoma ni kweli kuhusu mtoto mwingine. Waya ulikuwa ukijibu swali la nani anasema kabla halijaulizwa, kwani jicho liliweza kuufuata. Ukiondolewa, swali hilo halina budi kujibiwa kwa makusudi.

Wanazuoni wa hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, walilichambua tatizo la jinsi hii kwa kutenganisha sanadi, ambayo ni mnyororo wa wapokezi, na matini, ambayo ni maneno yanayopokewa. Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus karne ya 13, aliweka wazi kuwa hadithi sahihi ni ile yenye mnyororo usiokatika, wapokezi waadilifu na wadhabiti, isiyopingana na mapokeo yenye nguvu zaidi na isiyo na kasoro iliyofichika. Udhabiti ni uwezo wa kuhifadhi na kufikisha bila kubadilisha. Uadilifu ni tabia ya mtu anayechunga wajibu wake mbele ya Mungu na watu, na mmoja haukutosha bila mwingine. Moduli ya redio ina udhabiti kupita msimulizi yeyote, lakini haiwezi kuwa na uadilifu, kwa sababu asiyeweza kusema uongo hawezi pia kusifiwa kwa kusema kweli. Mjumbe hauawi, wasema wahenga, na msamaha huo una maana kwa sababu nyuma ya mjumbe yuko aliyemtuma, naye ndiye wa kuulizwa.

Falsafa ya Uskoti hufikia mahali pale pale kwa njia nyingine. David Hume, mwaka 1748, alishikilia kuwa ushahidi huaminiwa kwa kadiri uzoefu ulivyoonyesha kwamba ushahidi wa aina hiyo hulingana na mambo yalivyo; Thomas Reid, mwaka 1764, alidai kuwa binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kusema kweli na mwelekeo wa kuamini, na kwamba bila huu wa pili mtoto asingejifunza lolote. Kifaa hakina mwelekeo wa kusema kweli anaoutaja Reid, kwa hiyo chenyewe huaminiwa kwa msingi wa Hume tu, yaani kwa kujaribiwa mara kwa mara, ilhali imani ya Reid humhusu aliyekiunda.

Yaweza kupingwa kwamba kipimajoto cha zebaki nacho hakina uadilifu na bado huaminiwa. Lakini kipimajoto hicho husomwa kikitoka mwilini mwa mgonjwa yule yule, na nyuma yake wako watengenezaji na mashirika ya viwango wanaoweza kuwajibishwa. Kifaa kilichoundwa mezani hakina mdhamini mwingine ila fundi wake. Ndiyo maana kukipa kila kifaa jina lake, kubadilisha namba ya siri ya kiwandani, kuambatanisha kila kipimo na utambulisho na saa, na kukilinganisha kifaa na kingine kilichothibitishwa, ni masharti ya ushahidi kabla ya kuwa mapambo ya ufundi. Msomaji naye hasamehewi, kwa sababu namba inayopingana na joto analolihisi kwa mkono wake ni matini ya kutiliwa shaka hata kama sanadi yake haina doa.