Heshima ya Mwili na Siri ya Ugonjwa

Wazee wetu walituachia methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Lakini wazee hao hao walitufundisha pia kwamba mwili wa mama hautajwi ovyo, na kwamba mwanamke mwenye adabu anafunga kikwembe chake vizuri wala hazungumzi mambo ya kifuani mbele ya watu. Mafundisho haya mawili yote ni yetu, na siku nyingi yanakaa pamoja bila kugombana. Yanagombana siku ile mama anapooga, mkono wake unapita juu ya titi, na kukuta pale kitu kigumu kama punje ya haragi. Afuate fundisho lipi? Anyamaze kwa adabu, ao aseme? Ndugu msomaji, tunataka kulichunguza swali hilo katika kurasa hizi, kwa sababu hapa kwetu Goma kuna wanaokufa kwa jibu lake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kanseri ya titi huanza wakati chembe chache za ndani ya titi zinapoacha kufuata mpango wa mwili na kuzaana bila kukoma. Mwanzoni zinakaa pale pale. Zikipewa muda zinapita kwapani, halafu zinafika kwenye mifupa, kwenye maini, kwenye mapafu. Zikiwa bado pale pale, munganga anaweza kuziondoa na mgonjwa akapona. Zikisha kusambaa, kazi yake kubwa inakuwa kurefusha maisha na kupunguza uchungu. Na jambo linalotudanganya ni hili: mwanzoni, mara nyingi, ugonjwa huu hauna maumivu. Sisi tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Mama anayeamka saa kumi na moja kwenda kuuza samaki Kituku ao mboga Virunga anasema: «Hii haiko inauma, itaisha yenyewe.» Miezi inapita.

Dalili zake si siri ya wanganga. Ni uvimbe mpya ndani ya titi ao kwapani, ngozi inayovutika ao kuwa kama ganda la chungwa, chuchu inayoanza kuingia ndani, damu inayotoka chuchuni, kidonda kisichopona, titi moja kubadilika umbo. Tuseme pia ukweli wa upande wa pili: uvimbe mwingi wa titi si kanseri. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuwaza tu. Lazima titi liangaliwe, lipigwe ekografi, na ikibidi kipande kidogo cha nyama kipelekwe laboratwari.

Kwa hesabu za dunia, katika mwaka 2022 wanawake kama milioni 2,3 waligunduliwa kuwa na kanseri ya titi, na kama 670 000 walikufa nayo. OMS inasema karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu yoyote inayojulikana, isipokuwa kuwa mwanamke na kuongezeka umri. Hata wanaume wanaipata, ingawa ni wachache sana. Basi si malipo ya dhambi, wala si dalili ya tabia mbaya.

Karibu na sisi, ng'ambo ya mpaka, utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwafuata wagonjwa wa kanseri ya titi katika hospitali mbili za mashambani Rwanda, Butaro na Rwinkwavu. Nusu yao walikuwa wamemaliza miezi 15 ao zaidi tangu waone dalili ya kwanza mpaka kupewa jina la ugonjwa. Nusu walikuwa wamekaa nyumbani miezi 5 ao zaidi kabla ya kumwona munganga. Na nusu walizungushwa miezi 5 ao zaidi baada ya kumwona. Wale waliopitia kwanza kwa waganga wa kienyeji walichelewa zaidi. Sisi wa Goma tunafanana na watu hao kwa mengi: kwa chakula, kwa ndoa, kwa aibu. Tunaweza kujisoma katika hesabu yao. Inatuambia kwamba kosa haliko upande mmoja. Nusu ya safari inapotea nyumbani, katika kimya. Nusu nyingine inapotea katika santa za afya, mahali mama anapewa dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa arudi.

Sasa tuulize: kimya hicho kinatoka wapi? Tunaona mizizi mitatu.

Wa kwanza ni aibu. Hata jina la kiungo tunalikwepa. Mama akiugua titi, watu wanasema «anaumwa kifua», na anayesikia anafikiri kikohozi ao TB. Ugonjwa usiotajwa jina lake hauwezi kupata ushauri wa kweli.

Wa pili ni hofu ya ndoa. Titi kwetu si kiungo tu. Ni alama ya uzazi, ndilo lililonyonyesha watoto wa ukoo. Mwanamke anajiuliza: wakilikata, bwana ataniangalia namna gani? Familia yake itasema nini? Wapo waliorudishwa kwao, na wapo walioletewa bibi wa pili wakiwa bado na bandeji. Hofu hiyo si ujinga, inatokana na mambo yaliyoonekana.

Wa tatu ni maelezo tuliyo nayo tayari. Kidonda kikifunguka, jirani anasema: «Walimutupia sumu.» Basi inatafutwa dawa ya sumu, na anatafutwa pia adui, mara nyingi bibi-mwenza ao jirani mwenye duka. Ugonjwa mmoja unazaa uadui wa nyumba mbili, na titi linazidi kuoza.

Wengine watasema: kama mila inaleta kifo, tuitupe. Hatukubali haraka hivyo. Adabu ya mwili ina maana yake. Katika mji uliojaa watu, katika kambi za wakimbizi ambamo familia nzima inalala chini ya bashe moja, adabu hiyo ndiyo iliyomwachia mwanamke kitu kimoja kilicho chake. Ilimkinga na macho na midomo. Mtu akimwambia mama «vua tu, aibu ya nini?», hamsaidii, anamnyang'anya. Swali letu basi ni lingine: adabu hiyo iliwekwa kwa faida ya nani? Tunajibu: kwa faida ya mwanamke mwenyewe. Ni ukuta uliojengwa kumlinda. Siku ukuta unapomfungia ndani pamoja na moto, mwenye akili anafungua mlango, na hakuna atakayesema amevunja nyumba.

Na mila zenyewe ziliacha mlango. Katika makabila yetu mengi, mambo ya mwili hayakuwa yamekatazwa kusemwa. Yalikuwa na mtu wake wa kuyasema. Shangazi, dada ya baba, yule ambaye wenye kusema Kinyarwanda wanamwita masenge, ndiye aliyemfundisha msichana mwili wake kabla ya ndoa. Bibi mzee ndiye aliyemwangalia mzazi baada ya kuzaa, akamkanda, akatazama kama titi limejaa vizuri. Maana yake wazee walijua kwamba mwili lazima uangaliwe na mtu wa kuaminiwa. Vita, kukimbia na maisha ya mji vimewatawanya mashangazi. Aibu imebaki, mlango umepotea.

Kama kuna anayefikiri watu wa Kivu hawawezi kufungua kinywa juu ya mwili wa mwanamke, akumbuke historia yetu ya karibu. Kulikuwa na aibu nzito kuliko hii: aibu ya kubakwa, na ya fistula inayomfanya mama anuke mkojo mbele ya watoto wake. Wanawake wa mkoa huu waliisema. Walilazwa HEAL Africa hapa Goma, na Panzi kule Bukavu, wakasimulia, wakashtaki. Dokta Denis Mukwege, aliyeanzisha Panzi mwaka 1999, alipewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Hakuna anayesema leo kwamba wanawake wale walikosa adabu. Tunasema walikuwa na ujasiri. Mwanamke anayesema «nimepata uvimbe» hakufanyiwa ubaya na mtu na hana wa kumshtaki. Kwa nini yeye tumwachie aibu?

Kuna pingamizo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Watu wanauliza: kujua mapema kunafaa nini kama hakuna feza? Swali ni la haki. Kutibu kanseri si sindano moja. Kuna operesheni, kuna dawa kali za kuua chembe mbaya, kuna miale, kuna vidonge vya miaka mingi. Wapo waliovuka kwenda Butaro, kituo cha kanseri kilichofunguliwa mwaka 2012, ao Kampala, kwenye taasisi ya kanseri iliyopo tangu 1967. Vita vimeongeza mzigo: mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege ulifungwa na mabanki yakafunga milango. Mgonjwa aliyetegemea ndege ya Kinshasa na feza iliyo banki alijikuta mikono mitupu.

Lakini tuangalie hesabu yenyewe. Uvimbe mdogo unadai matibabu mafupi kuliko kidonda kikubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 juu ya wanawake wa Namibia, Nigeria, Uganda na Zambia ulionyesha kwamba baada ya miaka 3 nusu tu walikuwa bado hai. Na watafiti walikadiria kwamba karibu theluthi ya vifo hivyo ingeepukwa kwa kugundua mapema na kutibu vizuri. Wanawake hao ni wa Afrika, na umaskini wanaujua kama sisi. Maskini kwa hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kuwahi, kwa sababu hana feza ya kuchelewa.

Na hapa tufike kwenye jambo linalotuhukumu sisi wote. Mtu akifa Goma, feza inapatikana. Turubai linasimamishwa, viti vinakuja, kila avenyu inakotiza, kila chama kinaleta bahasha, watu wanalala kwenye matanga siku tatu. Jeneza linanunuliwa, na mara nyingi si la bei ndogo. Mama huyo huyo, mwaka mmoja nyuma, alikosa feza ya ekografi na hakujua amwombe nani. Hatusemi matanga ni mabaya. Kumlilia mtu pamoja ni utu. Lakini ni utu gani unaomchangia mtu asiyesikia tena, na kumwacha alipokuwa akisikia? Methali yetu ilimlaumu mficha maradhi. Pengine tuilaumu pia jamaa isiyouliza.

Njia za kusaidia tunazo tayari. Likilimba na AVEC za akina mama zinakutana kila juma. Nyingi zina sanduku la pembeni kwa ajili ya kilio. Sanduku hilo lifungukiwe pia kipimo. Katika kila kikundi achaguliwe mama mmoja mwenye umri na mwenye kufunga mdomo, afundishwe dalili na munganga, awe shangazi wa wote: wa kuambiwa kwanza, na wa kusindikiza. Tusiwadanganye akina mama kwamba kujipapasa kila mwezi ni dawa. Majaribio makubwa yaliyofanywa Shanghai hayakuonyesha kwamba kufundisha hivyo kunapunguza vifo. Kinachofaa ni mwanamke aujue mwili wake, na akiona mabadiliko afike mapema kwa munganga anayejua kazi. OMS imeweka shabaha kwamba kutoka siku ya kufika mpaka siku ya kujua jina la ugonjwa zisipite siku 60. Tukiijua namba hiyo, tutakuwa na la kudai mama anaporudishwa mara ya tatu bila jibu.

Wanaume nao wana sehemu yao. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya kisheria. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa sharti hilo. Lakini nyumbani bado mama wengi wanangoja neno la baba kabla ya kwenda hospitali. Basi baba alitoe mapema. Bwana anayesema «twende pamoja kesho» anaondoa mzizi ule wa pili kwa maneno matatu.

Tuweke mpaka mmoja. Kusaidia si kutangaza. Anayepeleka habari ya uvimbe wa jirani kwenye bomba la maji, ao anayeomba maombi kwa kutaja jina lake mbele ya kanisa bila ruhusa yake, anarudisha kimya tulichotaka kuondoa. Siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Yeye ndiye anachagua nani aijue. Sisi kazi yetu ni kuwa watu anaoweza kuwachagua.

Basi tumjibu yule mama wa mwanzo. Akimwambia mtu mmoja wa kuaminiwa, leo, hajavunja adabu. Ameitumia kama ilivyokusudiwa, kuulinda mwili wake. Na sisi tutakaoambiwa, tusimjibu kwa hadithi za sumu wala kwa kumhurumia tu. Tumwulize kitu kimoja: «Tunaenda siku gani?»