Sekunde za Baharia

Manowari huanza kuua mezani, miaka mingi kabla ya kushushwa majini, pale watu wachache wanapokaa na karatasi zao wakaamua ifungwe rada ipi, mzinga upi, kombora lipi. Aghalabu mjadala wao huwa wa bei, uzito na masafa. Ni nadra kuitwa mjadala wa maadili.

Tarehe 17 Mei 1987, katika Ghuba, ndege ya Iraq iliipiga frigeti ya Kimarekani, USS Stark, kwa makombora mawili ya Exocet. Mabaharia 37 walikufa. Melini mlikuwa na mzinga wa Phalanx wenye rada yake wenyewe, uwezao kulenga na kumimina risasi zipatazo 3,000 kwa dakika pasi na kumngoja mtu. Usiku ule haukuwa umeachiwa kufyatua wenyewe. Makombora yalionwa na mlinzi, kwa macho yake, zikiwa zimebaki sekunde tu.

Basi, watasema wengi, mashine na iachiwe. Miezi kumi na minne haijatimia, tarehe 3 Julai 1988, karibu na Hormuz, USS Vincennes, manowari kubwa kuliko frigeti na yenye mfumo wa Aegis uliosifiwa mno zama zile, ikaitungua ndege ya abiria ya Iran Air iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Waliangamia watu 290, 66 kati yao watoto.

Na mashine haikukosea! Kumbukumbu zake zilionyesha ndege inapanda. Watu ndio walioripoti kwamba inashuka. Ni wepesi kuwalaumu. Lakini skrini ile iliwapa kimo cha ndege kwa tarakimu tupu. Kama inapanda au inashuka, ilimpasa mtu alinganishe tarakimu mwenyewe, huku meli ikipigana na mashua za Kiirani na dakika zikiyoyoma. Yuko aliyeamua skrini iwe hivyo, pengine kwa nia njema kabisa, akiwa amekaa penye utulivu na muda wa kutosha.

Anayechagua silaha ya kasi humnunulia baharia sekunde. Anayechagua jinsi ya kumwonyesha adui huamua sekunde hizo zitamfaa nini. Dhamana ya damu, kwa hiyo, haimwangukii afisa wa zamu peke yake, ingawa mahakama na magazeti humtafuta yeye kwanza, maana yeye ana jina.

Mwaka 2019 Uingereza iliagiza frigeti tano za Type 31. Silaha zake zinajulikana: mzinga wa milimita 57, miwili ya milimita 40, makombora ya Sea Ceptor. Kile atakachokiona kijana wa zamu gizani, na namna atakavyoonyeshwa, orodha za aina hiyo aghalabu hazikitaji.